Hotuba ya Krismasi ya Mfalme wa Uingereza: Ni saa ngapi kwetu, na kwa nini huambiwa "usitangaze kabla"?

Kila mwaka Disemba ikikaribia kwisha, swali moja hunifikia kutoka kwa wasomaji, hasa wale wenye jamaa zao Uingereza: hotuba ya Krismasi ya Mfalme itatoka saa ngapi kwa saa zetu? Jibu ni fupi. Hutoka tarehe 25 Disemba, saa tisa alasiri kwa saa za London, ambayo kwetu Mombasa, Lamu, Malindi na Kwale ni saa kumi na mbili jioni. Ni kama nusu saa hivi kabla ya adhana ya Maghribi.

Lakini nyuma ya jibu hilo fupi kuna jambo refu. Hotuba ile hairushwi moja kwa moja kama watu wengi wanavyodhani. Huwa imesharekodiwa siku nyingi kabla, na maandishi yake huwa yako tayari mikononi mwa wanahabari wakati wewe bado unasubiri. Wao wameisoma na wamenyamaza. Kunyamaza huko kuna jina katika kazi yetu: tunakuita embago. Maana yake ni habari unayopewa mapema kwa sharti kwamba hutaitoa mpaka saa fulani ifike.

Nimeamua mwaka huu nieleze jambo hili lote kwa mpangilio, kwa sababu mbili. Kwanza, mimi mwenyewe niliwahi kuivunja embago hii, na nitasimulia nilivyoivunja. Pili, siku hizi kila mwenye simu ni mtangazaji, na kila mmoja wetu hupewa habari ambayo saa yake haijafika. Mimi si Mkristo, na Mfalme yule si wangu, lakini somo lililomo humu ni la kwetu sote.

Saa tisa ilitoka wapi?

Hotuba ya kwanza ilitolewa tarehe 25 Disemba 1932 na Mfalme George V. Alisoma kutoka katika chumba kidogo cha nyumba yake ya Sandringham, mashariki mwa Uingereza. Mkuu wa BBC wa wakati huo, John Reith, alikuwa amemwomba Mfalme kwa miaka kadhaa azungumze na watu wake redioni, na Mfalme akawa anasita. Mwaka huo BBC ilikuwa imeanzisha idhaa mpya ya kutangazia Himaya kwa mawimbi mafupi, iliyofunguliwa tarehe 19 Disemba, siku sita tu kabla ya Krismasi. Mfalme akakubali. Maneno hakuyaandika mwenyewe, aliandikiwa na Rudyard Kipling, mwandishi mashuhuri aliyezaliwa Bombay. Hotuba yenyewe ilikuwa na maneno 251 tu. Khatibu wetu yeyote wa Ijumaa angeimaliza kabla watu hawajatulia vizuri kwenye mikeka.

Kwa nini saa tisa alasiri? Sababu haikuwa ya dini wala ya ada. Ilikuwa ni hesabu ya jua. Wakati ule kurekodi sauti na kuituma mbali lilikuwa jambo gumu, kwa hiyo Mfalme alipaswa kusema mara moja, na dunia nzima imsikie wakati ule ule. Himaya ilikuwa imetapakaa kuanzia Canada hadi New Zealand. Ukichagua asubuhi ya London, watu wa Canada bado wamelala. Ukichagua usiku, watu wa India nao wameshalala. Saa tisa alasiri ndiyo iliyoonekana kufaa watu wengi zaidi: Canada kumekucha, Afrika ni alasiri na jioni, India ni usiku wa mapema. Waliopata taabu ni wa Australia na New Zealand, ambao kwao ilikuwa ni usiku wa manane.

Kwa hiyo tangu mwanzo hotuba hii ilikuwa na tatizo la saa. Mzungumzaji ni mmoja, wasikilizaji wako kila upande wa dunia, na jua haliwaangazii wote pamoja. Yote yaliyofuata, kurekodi, kutuma kanda na kuweka masharti ya kunyamaza, yalizaliwa na tatizo hilo moja.

Kutoka moja kwa moja hadi kurekodiwa

George V aliendelea kuzungumza kila Krismasi mpaka 1935. Akafariki Januari 1936. Krismasi ya 1936 hapakuwa na hotuba, kwa sababu mwanawe Edward VIII alikuwa ameacha kiti cha ufalme wiki mbili tu kabla. Mdogo wake, George VI, alitoa hotuba 1937, akaacha 1938, kisha vita vilipoanza 1939 akarudi kwenye kipaza sauti, na kuanzia hapo ikawa ni ada ya kila mwaka. Mfalme huyu alikuwa na kigugumizi, na kwake kila Krismasi ilikuwa ni mtihani, maana alizungumza moja kwa moja na kosa lisingeweza kufutwa.

Mwaka 1951 alikuwa mgonjwa, ametoka kufanyiwa upasuaji wa pafu. Hakuwa na pumzi ya kusoma hotuba nzima kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo akarekodiwa mapema, kipande baada ya kipande. Hiyo ndiyo hotuba yake pekee ya Krismasi iliyorekodiwa kabla, na ndiyo iliyokuwa ya mwisho.

Binti yake, Malkia Elizabeth, alianza Krismasi ya 1952 redioni, moja kwa moja, akiwa Sandringham. Mwaka 1953 alizungumza kutoka Auckland, New Zealand, kwa kuwa alikuwa ziarani. Mwaka 1957 ndipo hotuba ilipoonekana kwenye runinga kwa mara ya kwanza, nayo ilikuwa moja kwa moja. Hiyo 1957 ndiyo pia iliyoanza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, mwezi Juni, idhaa ambayo wazee wengi wa pwani waliifanya saa ya ukutani ya nyumba zao.

Mwaka 1959 Malkia alikuwa mjamzito, akarekodi mapema kwa redio. Kuanzia 1960 kurekodi mapema kukawa ndio utaratibu wa kudumu. Sababu ilikuwa ile ile ya jua. Kanda ikisharekodiwa inaweza kupakiwa kwenye ndege, ikapelekwa kila nchi, na kila nchi ikairusha kwa saa inayowafaa watu wake. Mwaustralia hakulazimika tena kukesha, kwani alimsikia Malkia jioni ya Krismasi yake mwenyewe, ameshashiba na watoto wamemzunguka.

Hapo ndipo embago ilipopata umuhimu wake. Zamani hapakuwa na cha kuvujisha, kwa sababu neno lilisikika pale pale lilipotamkwa. Lakini kanda ikishakuwa ndani ya ndege, na maandishi yakishakuwa kwenye droo za wahariri katika nchi nyingi, neno limetangulia mwenyewe. Kinacholizuia lisitoke si kufuli, bali ni ahadi.

Embago hufanya kazi vipi

Hotuba hurekodiwa mwezi ule ule wa Disemba, kwa kawaida siku kadhaa au hata wiki mbili kabla ya Krismasi. Kwa mfano, hotuba ya kwanza ya Mfalme Charles III, ya mwaka 2022, ilirekodiwa tarehe 13 Disemba katika Kanisa la St George's ndani ya Kasri la Windsor, ikarushwa tarehe 25. Ile ya 2024 ilirekodiwa katika Fitzrovia Chapel mjini London, jengo lililokuwa kanisa la hospitali, mwaka ambao Mfalme mwenyewe alikuwa akitibiwa saratani.

Kwa miaka mingi BBC peke yake ndiyo iliyokuwa ikitayarisha kanda. Kuanzia 1997 kazi ikawa ya zamu kati ya BBC na ITN, na kuanzia 2011 Sky News nayo ikaingia kwenye zamu. Anayetayarisha hugawia vituo vingine. Kisha maandishi hupelekwa kwa mashirika ya habari na magazeti, yakiwa na maneno ya onyo juu yake: yasitumike kabla ya saa fulani, tarehe fulani. Siku moja au mbili kabla ya Krismasi Kasri huwa inatoa picha moja ya Mfalme akirekodi, na pengine dokezo la maudhui, ili watu wajiandae. Mengine yote hubaki yamefunikwa.

Msomaji anaweza kuuliza, kwa nini basi wapewe mapema? Si wangengoja tu kama watu wengine? Hapana, kuna faida kwa pande zote mbili. Mhariri akipewa mapema hupata wakati wa kusoma kwa utulivu, kutafsiri, kutafuta picha na kuandika bila haraka. Kasri nayo hupata habari iliyoandikwa vizuri badala ya habari iliyoparamiwa. Kwa mtafsiri wa Kiswahili faida hii ni kubwa zaidi. Hotuba ya dakika tano au kumi iliyojaa lugha ya kanisani haifasiriki vizuri huku mtu anakimbizana na saa.

Kuna mambo matatu ambayo mtu anapaswa kuyajua kuhusu embago.

La kwanza, embago si sheria. Ni makubaliano. Hakuna askari atakayekuja kukukamata kwa sababu umetangaza saa moja kabla. Adhabu yake ya kawaida ni kuondolewa kwenye orodha: mwakani hutaletewa chochote, na wenzako watakuwa na maandishi wakati wewe huna.

La pili, maandishi si hotuba. Kawaida huwa pametajwa kwamba mwandishi alinganishe na kile kitakachosemwa. Mzungumzaji anaweza kubadili neno, kuruka aya au kushindwa kabisa kuzungumza. Mpaka atakapotamka, ulichonacho ni karatasi tu. Ukiandika "Mfalme amesema" kabla hajasema, umeandika jambo ambalo halijatokea, hata kama kila neno ni sahihi.

La tatu, saa ya embago lazima itajwe pamoja na saa za mahali. Hili ndilo lililonitia mimi aibu.

Saa tisa niliyoikosea

Wapwani tuliofanya kazi katika vyumba vya habari tunaujua utaratibu wa siku kuu. Ikija Idi, wenzetu Wakristo hutushikia zamu ili sisi twende tukasali na kula pilau na watu wetu. Ikija Krismasi, sisi hulipa lile deni. Hakuna aliyeliandika, lakini kila mtu analiheshimu.

Basi Krismasi moja, zaidi ya miaka kumi na tano iliyopita, nilikuwa zamu peke yangu katika kituo kimoja cha redio hapa Mombasa. Mwenzangu wa Kaloleni, aliyekuwa mhariri wa zamu, alikuwa amekwenda kwao kula siku kuu na wazazi wake. Kabla hajaondoka alinionyesha maandishi ya hotuba ya Malkia yaliyoletwa na shirika la habari kupitia kwa jina lake, akaniambia, "Ndugu yangu, hii nakuachia wewe. Itoe saa yake ikifika." Juu ya karatasi palikuwa pameandikwa 1500 GMT.

Nikafanya hesabu ambayo kila Mswahili huifanya bila hata kufikiri. Kumi na tano, toa kumi na mbili ni tatu, na tatu ya mchana ni saa tisa. Nikatafsiri vizuri, nikajipongeza, na katika taarifa ya habari ya saa tisa alasiri nikasoma kwa sauti yangu ya siku kuu: "Malkia Elizabeth wa Uingereza amewaambia watu wake leo..."

Wallahi sikuona kosa lolote. Zile herufi tatu za mwisho nilikuwa nimezisoma bila kuzitia maanani. London ilikuwa bado saa sita mchana. Malkia alikuwa hajamwambia mtu yeyote neno lolote.

Aliyenigutusha hakuwa mhariri. Ni mzee mmoja aliyepiga simu kituoni. Alijitambulisha kuwa ni baharia mstaafu, aliyezunguka bandari za dunia tangu ujana wake. Hakunifokea. Aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyo Malkia wewe umemsikia wapi? Mimi nimekaa na redio yangu hapa namsubiri. London ndio kwanza saa sita." Halafu akacheka kidogo, akanipa somo ambalo diploma yangu ya uandishi wa habari haikunipa: "Baharini, baba, saa haina maana mpaka useme ni saa ya wapi."

Kesho yake shirika la habari lilipiga simu. Kituo kikaondolewa kwenye orodha ya wanaopewa maandishi ya mapema kwa miezi kadhaa. Barua ya onyo ikaandikwa, lakini haikuandikwa kwangu. Iliandikwa kwa mwenzangu, kwa sababu maandishi yalikuja kwa jina lake na yeye ndiye aliyeahidi. Alikuwa kwao, anakula na mama yake, na kosa langu likamfuata huko huko.

Nilikwenda nikamwambia mkubwa wetu kwamba kosa ni langu. Barua haikufutwa. Mwenzangu alinisamehe, na Idi iliyofuata alinishikia zamu kama kawaida. Lakini alipokuwa akiondoka Krismasi nyingine, hakuniachia karatasi yoyote. Hakusema kitu, nami sikuuliza. Amana ikishavunjika hata kwa bahati mbaya, aliyeivunja hawezi kuidai tena.

Siku gazeti lilipoivunja kusudi

Kosa langu lilikuwa la kutojua. Wako waliovunja kwa kusudi. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha 1992, mwaka ambao ndoa za watoto wa Malkia zilivunjika na sehemu ya Kasri la Windsor ikaungua. Watu walikuwa na hamu kubwa ya kujua atasema nini. Tarehe 23 Disemba, siku mbili kabla ya Krismasi, gazeti la The Sun likachapisha maneno ya hotuba.

Malkia aliamua kuchukua hatua ya kisheria, na hapa ndipo penye funzo. Hakushtaki kwa kuvunjwa embago, maana kama nilivyosema, hiyo si sheria. Madai yake yalikuwa ya hatimiliki: maneno yale ni mali yake, na gazeti limechapisha mali ya mtu bila idhini. Gazeti likakubali kulipa pauni 200,000 kwa shirika la hisani, pamoja na gharama za kesi. Kwa hiyo anayedhani kwamba kwa kuwa embago ni ahadi tu basi ahadi ni maneno matupu, ajue kwamba nyuma ya ahadi kunaweza kuwa na sheria nyingine inayomngoja.

Tundu moja limebaki wazi mpaka leo, na linaeleweka. New Zealand na Australia hurusha hotuba jioni ya Krismasi ya kwao, na jioni ya kwao ni asubuhi ya London. Kwa hiyo mtu wa Wellington huwa ameshaisikia hotuba na kwenda kulala, wakati Mwingereza bado anaoka nyama. Zamani hili halikuwa tatizo, kwani maneno yalichukua muda kuvuka bahari. Sasa yanavuka kwa sekunde. Pamoja na hayo, magazeti ya London huendelea kungoja saa yao.

Habari ya kifalme iliyopitia Mombasa

Kuna habari nyingine ya kifalme inayotuhusu zaidi sisi wapwani, nayo inaonyesha kwamba saa ya habari haiko mikononi mwa wakubwa daima.

Tarehe 6 Februari 1952 Mfalme George VI alifariki usingizini. Binti yake alikuwa hapa Kenya, amelala Treetops karibu na Nyeri, kisha akarudi katika nyumba ya Sagana. Meli iitwayo Gothic ilikuwa inamngoja katika bandari yetu ya Mombasa imchukue kwenda Ceylon, Australia na New Zealand. Gavana na wasaidizi wake walikuwa safarini kuja Mombasa kumuaga. Telegramu rasmi ya siri kutoka London ikafika Nairobi, lakini husimuliwa kwamba aliyekuwa na ufunguo wa kuifasiri alikuwa kwenye msafara huo huo wa kuja huku. Ikabaki imefungwa.

Katibu wa binti mfalme, Martin Charteris, aliisikia habari katika hoteli ya Outspan mjini Nyeri, kutoka kwa mwandishi wa gazeti. Kutoka hapo ikapita kwa simu mpaka Sagana, na hatimaye mumewe Philip ndiye aliyemwambia mkewe kwamba baba yake amekufa na yeye sasa ni Malkia. Meli ya Gothic haikumchukua. Alipanda ndege kutoka Nanyuki.

Fikiria jambo hilo. Utaratibu wote wa siri ulikwama, na waliokuwa na habari kabla ya mwenyewe ni wanahabari. Walikuwa karibu naye, na wangeweza kumkimbilia na kumuuliza anajisikiaje. Badala yake habari ikapitishwa kwa katibu, kisha kwa mume, mpaka ikamfikia mwenye msiba kupitia kwa mtu wake.

Ni vyema pia tukumbuke kwamba Krismasi ya 1963, wiki mbili baada ya uhuru, Malkia yule bado alikuwa ndiye mkuu wa dola ya Kenya. Aliacha kuwa hivyo tarehe 12 Disemba 1964, nchi ilipokuwa jamhuri. Kwa hiyo iko hotuba moja ya Krismasi, moja tu, aliyoitoa akiwa Malkia wa Kenya huru. Tangu hapo tunamsikiliza kama wanachama wa Jumuiya ya Madola. Mwanawe Charles alipokuja Kenya mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 2023, akafika mpaka hapa Mombasa, alikuja kama mgeni.

Orodha ya saa kwa wenye jamaa mbali

Kwa wanaotaka kuwapigia simu jamaa zao tarehe 25 Disemba, hii hapa ni saa ya hotuba, yaani saa tisa alasiri ya London, ilivyo kwingine:

- Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar: saa kumi na mbili jioni
- Riyadh: saa kumi na mbili jioni
- Maskati na Dubai: saa moja ya jioni
- Mumbai: saa mbili na nusu usiku
- Toronto: saa nne asubuhi
- Vancouver: saa moja asubuhi
- Sydney: saa nane usiku, wa kuamkia tarehe 26
- Auckland: saa kumi alfajiri ya tarehe 26

Tahadhari moja: tofauti kati yetu na London si moja mwaka mzima. Kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Oktoba Waingereza husogeza saa zao mbele, na tofauti huwa ni saa mbili. Miezi ya baridi, Krismasi ikiwemo, tofauti ni saa tatu. Ndiyo maana kifo cha Malkia Elizabeth tarehe 8 Septemba 2022, kilichotangazwa London saa kumi na mbili na nusu jioni, sisi tulikisikia saa mbili na nusu usiku.

Na sisi je?

Sisi hatuna Mfalme wa kutuhutubia, lakini tuna habari zenye saa zake. Kila mwaka usiku wa kutafuta mwezi wa Idi, kabla Kadhi Mkuu hajatangaza, simu zetu huwa zimejaa matangazo ya mwezi ulioonekana hapa na pale. Mengine ni ya mwaka jana, yamebadilishwa tarehe tu. Watu hufuturu na wengine hukesha kwa ujumbe ambao hakuna anayejua umetoka wapi. Hata huko Uingereza mambo yameanza kuchanganyika. Krismasi ya 2020, kituo cha Channel 4 kilirusha Malkia wa bandia aliyetengenezwa kwa tarakilishi, uso ule ule, ili kuwaonya watu wasiamini kila wanachokiona. Kama uso wa Malkia unaweza kutengenezwa, sembuse sauti ya Kadhi kwenye ujumbe wa simu.

Lakini linaloniuma zaidi ni msiba. Mtu akifa hospitalini usiku, ndugu mmoja huambiwa. Huyo humwambia mwenzake kwa siri, "usimwambie mama mpaka tufike." Kabla hawajafika, picha ya marehemu iko kwenye kundi la mtaa, imeandikwa Inna lillahi, na mama anaipata kwenye simu ya jirani. Aliyeituma alidhani anafanya wema, na huenda kila neno aliloandika lilikuwa kweli. Mimi pia kila neno nililosoma saa tisa ile lilikuwa kweli.

Yule mzee baharia sikuwahi kukutana naye uso kwa uso. Simu yake ilikuwa ya dakika mbili tu. Lakini mpaka leo, kila ninapopewa habari na kuambiwa isubiri, huandika juu ya karatasi mambo mawili kabla sijaisoma: ni saa ya wapi, na ni nani atakayelipa nikiitoa mapema.